Rebmann wa Rabai na Mlima wa Baridi

Kutoka kwetu Airport mpaka Rabai si mbali, lakini wengi wetu hatumjui Mzungu aliyekaa huko miaka mingi, Johannes Rebmann. Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka wa 1820, akafika Mombasa 1846 kumsaidia mmisionari Krapf.

Aprili 1848 alifunga safari ya miguu kwenda Uchagani pamoja na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima. Kumwuliza kiongozi wake, akaambiwa ile ni baridi. Basi! Mtu wa pwani theluji hakuwa na jina lake, lakini baridi yake aliijua. Rebmann naye, mtoto wa nchi ya theluji, akafahamu papo hapo kwamba Kilimanjaro kina theluji.

Habari zilipofika London, bwana mmoja mtaalamu wa ramani, Cooley, akazikataa katakata: theluji karibu na ikweta! Na Cooley mwenyewe hata hakufika huku. Hapo mimi hupandwa na hasira. Kumbe ukipanda juu hewa hupoa, na kilele kile kina mita 5,895. Mwaka 1862 von der Decken alipanda, theluji ikamwangukia.

Hans Meyer alipofika kileleni 1889 alikipa jina la Kaisari wake; tangu 1961 kinaitwa Uhuru. Rebmann alipewa barafu ya upande wa kusini, nayo inayeyuka.

Mwenyewe alirudi kwao 1875, macho hayaoni, akishikwa mkono na Isaac Nyondo wa Rabai. Akafa mwaka uliofuata.