ABDURRAHMAN AS-SUFI, MTAZAMA NYOTA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, haya ni maelezo mafupi ya maisha ya Abdurrahman bin Umar as-Sufi. Alizaliwa Rayy, katika nchi ya Ajemi, mwaka 291 wa Hijra, nao ni 903 wa Miladi. Alitumikia elimu ya falaki kwa sultani Adhud ad-Daula, Isfahan na Shiraz.

Yapata mwaka 964 alitunga kitabu cha sura za nyota thabiti, akaeleza makundi 48 aliyoyapanga Batlimusi. Hakuridhika kunakili. Alizitazama nyota mwenyewe, akasahihisha vipimo vya mwanga wake, akawalaumu waliochora tufe za mbingu kwa kufuata vitabu tu.

Kwa kutazama huko aliandika habari ya doa hafifu, mfano wa wingu, karibu na mdomo wa Samaki wa Waarabu. Hayo ndiyo maandishi ya kale kabisa yajulikanayo juu yake. Leo huitwa Andromeda: ni jamii ya nyota mbali na yetu, na nuru yake husafiri miaka yapata 2,500,000 hata kutufikia.

Tena aliandika kuwa chini ya miguu ya Suheli yuko Ng'ombe, waonaye watu wa Tihama, wala haonekani Iraki. Naye, akiwa Ajemi, hakuweza kumwona. Hakukanusha, wala hakujidai ameona, aliwataja walioona. Wataalamu wengi husema huyo ndiye Wingu Kubwa la Magellan, jamii ndogo ya nyota iifuatayo jamii yetu ya Njia ya Maziwa. Kwa vyombo vya zama hizi wafuasi kama hao, wengi wao hafifu mno, wamekwisha onekana zaidi ya 50.

Ndugu msomaji, sisi wa Chilangala tumejaliwa kuona asichokiona as-Sufi. Mwezi wa Septemba, usiku usio na mbalamwezi, kabla ya alfajiri, tazama kusini: chini ya nyota ya Suheli utaliona wingu hilo.

Nasi kila mwaka hugombana juu ya mwandamo wa Ramadhani. Huyu hushuhudia asiloliona; yule humkadhibisha mwenziwe mwadilifu kwa kuwa yeye hakuona. As-Sufi alijiepusha na yote mawili.

Alifariki mwaka 376 wa Hijra, sawa na 986. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie ukweli katika ushahidi wetu. Amin.