Li Shizhen: Alianguka mtihani mara tatu, akaandika kitabu cha dawa

Uko kwa matatu ya Free Area kwenda tao, PK mdomoni, na bado unaongea ukiangalia dirisha ili jirani asipate harufu. Hiyo aibu haikuanza na wewe. Uchina, enzi za wafalme wa Han, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, maafisa waliokwenda kuongea na mfalme walitakiwa kuweka karafuu mdomoni kwanza. Ndiyo, karafuu hii hii ya pilau.

Mtu wa kumjua katika hadithi ya dawa za huko ni Li Shizhen, aliyezaliwa mwaka 1518 mkoani Hubei. Babu yake alikuwa tabibu wa kuzunguka vijijini, baba yake pia tabibu. Lakini kazi hiyo ilidharauliwa, kwa hivyo mzee alitaka kijana awe afisa wa serikali. Mtihani wa kwanza aliupita akiwa na miaka 14. Ule wa mkoa ukamshinda: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wewe unayengoja matokeo, na mimi niliyeacha chuo, tunaijua hiyo safari ya kurudi nyumbani. Akajifunza utabibu kwa babake.

Kazini akakuta vitabu vya dawa vimejaa makosa. Mimea tofauti ina jina moja, na zebaki, sumu kabisa, inasifiwa eti inarefusha maisha! Mwaka 1552 akaanza kuandika chake. Alisoma vitabu zaidi ya 800, kisha akatembea milimani na kando ya mito akiuliza wakulima, wavuvi na wawindaji. Alimaliza mwaka 1578. Dawa 1,892, na maelekezo ya kuzitumia zaidi ya 11,000.

Ya harufu ya kinywa imo. Chukua huoxiang, mmea wa ukoo mmoja na minti, uoshe, uchemshe, usukutue na maji yake mara kwa mara. Basi. Bakteria hakuwajua; wa mdomoni walionekana mara ya kwanza mwaka 1683, kwa darubini ya Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Uholanzi. Leo tunajua wao ndio hutoa harufu, hasa wale wa nyuma ya ulimi, kwa hivyo usipopiga ulimi mswaki, minti inafunika tu. Karafuu ina yujenoli, ambayo huua baadhi yao. (Ile kahawia ya meno yetu Nakuru mara nyingi ni floridi ya maji ya visima, si uchafu. Haitoki kwa kusukutua.) Na fizi zikitoka damu kila siku, muone daktari wa meno.

Kitabu chenyewe kilikosa mchapishaji kwa miaka. Li Shizhen alifariki mwaka 1593, kikatoka 1596. Mwanawe akampelekea mfalme nakala, naye mfalme hakukijali sana.