Padre Yohane Bosco, Rafiki wa Vijana

Yohane Bosco alizaliwa mwaka 1815 huko Becchi, kijiji cha Italia. Baba yake alifariki, naye hajatimiza miaka miwili. Mama yake Margherita akamlea katika kazi ya shamba. Mwaka 1841 alipata upadre, akaenda mji wa Torino. Humo vijana wengi walitafuta kazi, hawana ndugu wala rafiki.

Tarehe 8 Desemba mwaka ule, mtunza sakristia alimpiga na kumfukuza kijana Bartolomeo Garelli, kwa kuwa hakujua kutumikia Misa. Padre akaagiza arudishwe, akamfanya rafiki, akaanza kumfundisha dini. Baadaye kijana akaja na wenzake.

Jumapili walisali, wakafundishwa, wakacheza. Watu walichukia makelele, wakawafukuza huku na huku, hata Pasaka ya mwaka 1846 walipopata banda la Valdocco. Hapo asiye na kwao alipata kwao.

Padre Bosco alifariki mwaka 1888. Mwaka 1911 Wasalesiani, watawa wa shirika lake, walifika Katanga.

Wapendwa, kijana mgeni akija kwetu Mulongo, penye mchezo au penye mafundisho, asikute fimbo, akute rafiki.