BASILI, ASKOFU ALIYEWAJENGEA WAGENI

Katika nchi ya Kapadokia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, ulikuwapo mji mkubwa ulioitwa Kaisaria. Ndipo alipofanya kazi yake Basili, ambaye Wakristo humwita Mkuu. Alizaliwa yapata mwaka 330 baada ya Kristo, na wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mashamba na mali nyingi. Alipokuwa kijana alisoma sana, hata akafika Athens, mji wa Wayunani uliosifiwa kwa elimu. Aliporudi kwao, akaanza kujivuna kwa ajili ya ufasaha wake. Lakini dada yake Makrina akamwonya, naye akasikia. Basi akaacha fahari ya dunia, akawagawia maskini mali zake.

Yapata mwaka 368 mvua ilikosekana, visima na vijito vikakauka, na njaa kuu ikaingia. Kaisaria ni mbali na bahari, wala merikebu hazikuweza kuleta nafaka. Matajiri walikuwa nayo ghalani, lakini walifunga milango wakingoja bei ipande. Wakati huo Basili alikuwa kasisi. Akawahubiri kanisani kwa maneno makali, hata wakaona haya, wakafungua maghala yao. Akawakusanya wenye njaa, waume kwa wake, wazee kwa watoto. Kisha mtu huyu mwenye elimu akajifunga kitambaa kiunoni kama mtumishi, akawapakulia mchuzi wa kunde na nyama ya chumvi, akawaosha miguu. Hakumbagua mtu kwa ajili ya dini yake: watoto wa Wayahudi walilishwa pamoja na watoto wa Wakristo.

Mwaka 370 Basili akafanywa askofu. Alijua ya kuwa njaa huja na kupita, lakini wageni na wagonjwa wapo siku zote; haifai kuwangoja mpaka wafike mlangoni, ndipo mtu aanze kutafuta mahali pa kuwalaza. Kwa hiyo akajenga nje ya mji nyumba nyingi kuzunguka kanisa. Palikuwa na vyumba vya wasafiri, na mahali pa wagonjwa, pamoja na waganga na wauguzi wao. Palikuwa na mafundi wa kazi mbalimbali, na wanyama wa kuchukua mizigo, na watu wa kuwasindikiza wageni njiani. Zamani hizo wenye ukoma walifukuzwa hata na ndugu zao. Basili akawapa makao, naye mwenyewe hakuogopa kuwakumbatia na kuwabusu.

Lakini kazi njema haikosi adui. Watu wengine walimshitaki kwa liwali aliyeitwa Elia, kana kwamba majengo yale yaliidhuru serikali. Basili akamwandikia kwa upole, akimwuliza ni nani aliyedhuriwa kwa wageni kupata malazi na wagonjwa kupata uuguzi. Tena akamwonyesha ya kuwa mambo hayo ni sifa kwa mji na kwa liwali pia. Hata Kaisari Valens, aliyeshindana naye katika mambo ya imani, husemwa kuwa alitoa mashamba kwa ajili ya maskini wake.

Basili alikufa mwaka 379, hajatimiza miaka hamsini. Siku ya maziko watu walisongamana sana, hata wengine wakafa katika msongamano. Si Wakristo peke yao waliomlilia, bali Wayahudi na wapagani pia, na wageni. Nyumba zile ziliendelea kuitwa kwa jina lake.

Basi, ninyi msomao habari hizi, angalieni jambo hili. Elimu ya Basili ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengi wa zamani zake, wala haikumzuia kuinama na kuosha miguu ya mtu asiyemjua. Nanyi mnapata elimu. Mgeni atakapobisha hodi kwenu, na akute maji, chakula, na mahali pa kulala vimekwisha kuwekwa tayari.