Kipchomber arap Koilegen: Ndugu ya Koitalel Ambaye Hukufunzwa Shuleni

Ukitaja Koitalel arap Samoei, kila mtu anainua kichwa. Si ni yule Mnandi aliyepambana na reli, halafu akauawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipoitwa kwa mazungumzo ya amani? Ndiye huyo. Sasa nikuulize: je, ndugu yake aliyeongoza upande wa Kericho na Bomet unamjua? Wengi wetu hatumjui, na bado chai unayochemsha asubuhi ina uhusiano na stori yake.

Anaitwa Kipchomber arap Koilegen. Baba yao, Kimnyole, alikuwa orkoiyot wa Wanandi. Orkoiyot si chifu wala mfalme. Ni mtu wa kuona mbali, anayeombwa baraka kabla ya vita na ushauri mambo yakiharibika. Kimnyole ndiye anayekumbukwa kwa ule utabiri wa nyoka wa chuma atemaye moto na moshi. Mwaka 1890 watu wake wenyewe walimuua, na wanawe wakaanza kuvutana. Koitalel akabaki na Wanandi. Kipchomber akavuka kwenda kwa Wakipsigis, na huko akawa orkoiyot wao wa kwanza.

Angeweza kuishi kimya tu. Lakini wakati wake ndio Mzungu alikuwa anaingia. Mwaka huohuo wa 1905 jeshi la Waingereza lilivamia Sotik, ambayo leo iko Bomet. Sababu waliyotoa ni ng'ombe waliochukuliwa kutoka kwa Wamaasai, na Wakipsigis wakakataa kuwarudisha. Watu wengi waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, mifugo ikaswagwa. Baadaye ardhi ya Sotik ikagawiwa walowezi.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na shida moja na Kipchomber: watu walimsikiliza. Unaweza kumpa mtu cheo cha chifu na kofia, lakini huwezi kumlazimisha jirani yake amheshimu kuliko orkoiyot. Basi mwaka 1914 wakamtoa. Yeye na ndugu zake wawili wakapelekwa uhamishoni Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, na Nyeri. Alifia uhamishoni mwaka 1916. Hakurudi nyumbani.

Unadhani waliishia hapo? Hapana. Mwaka 1934 wakatunga sheria maalum ya kuwahamisha "malaibon". Hata jina walikosea, wakatumia neno la Wamaasai. Ukoo mzima wa Talai, mamia ya watu, ukapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbu na mbung'o. Mtoto wa kunyonya alihamishwa kwa kosa gani? Kuzaliwa Talai, basi. Walikaa huko karibu miaka 30. Waliporudi uhuru ukikaribia, wengi hawakupata shamba la kurudia.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, msomaji wangu. Siku hizi tukisema ubaguzi wa rangi tunafikiria matusi mtandaoni au mchezaji kurushiwa ndizi uwanjani. Hayo yapo. Lakini ubaguzi uliompata Koilegen na watu wake ulikuwa kwenye karatasi, na mihuri juu yake. Sheria ya ardhi ya 1915 ilimpa mlowezi hati ya miaka 999. Mwafrika aliyezaliwa palepale akahesabiwa kama mtu anayeishi kwa hisani tu. Miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zikaanza kupanda Kericho. Mwenye ardhi akabaki kuwa kibarua juu yake.

Wazo ambalo wakoloni walitaka kulizika na Koilegen ni rahisi: hakuna rangi inayompa mtu haki ya kumtawala mwingine au kuchukua udongo wake. Lilikataa kuzikwa. Katiba yetu ya 2010 ilikata hati za wageni kutoka miaka 999 hadi 99, na ikaipa Tume ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za zamani. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa wahanga zaidi ya 5,000 wa mateso ya enzi za Mau Mau. Watu wa Kericho waliona kumbe inawezekana. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu Wakipsigis na Watalai. Mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023 alisema anasikitika, lakini msamaha rasmi hakuomba.

Kwa hiyo wazee unaowaona kwenye habari wakiwa na fimbo na mafaili si watu wa kulialia mambo ya kale. Wanafanya kazi ileile ya vijana wa Bristol walioangusha sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa mwaka 2020. Wanauliza nani alinufaika, na nani bado analipa.

Kama una kogo au kugo huko Litein, Kapkatet au Sotik, likizo hii kaa naye chini. Washa simu urekodi. Muulize nani aliishi pale kwenye chai kabla ya chai. Majina atakayokutajia hayamo kwenye kitabu chako cha historia.