Kifungu cha Kusoma: Maisha ya Duke wa Abruzzi, Mpandaji wa Ruwenzori

Katika somo lililotangulia tuliona kwamba kitenzi kikitiwa kiambishi cha kutendwa, mtendwa huja mbele ya sentensi, naye mtenda hurudishwa nyuma ya neno «na», au huachwa kabisa. Sasa tusome habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri, huku tukiangalia ni nani anayetajwa na ni nani anayeachwa.

Luigi Amedeo wa Savoia alizaliwa Madrid tarehe 29 Januari 1873. Baba yake alikuwa Mfalme wa Hispania, lakini alikiacha kiti cha enzi siku chache tu baada ya mtoto huyo kuzaliwa, na jamaa yote ikarejea Italia. Luigi alitiwa katika jeshi la majini angali mdogo, na mwaka 1890 akapewa cheo cha Duke wa Abruzzi. Bahari ilimfunza jambo ambalo baadaye lilimfaa milimani: chombo kikishang'oa nanga, kilichosahauliwa bandarini hakipatikani tena.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa milima. Mwaka 1894 aliupanda Matterhorn pamoja na Mwingereza Mummery, aliyekuwa miongoni mwa wapandaji hodari wa zama zile. Mwaka 1897 alikwenda Alaska, na tarehe 31 Julai msafara wake ukawa wa kwanza kufika kilele cha Saint Elias, chenye urefu wa mita 5,489. Alikuwa amewachukua viongozi wa mlima kutoka vijiji vya Alpi, watu waliolijua barafu kama mvuvi ajuavyo mawimbi. Hata vitanda vya chuma vilipelekwa kwenye barafu, vikibebwa na wapagazi wa kukodiwa.

Safari ya tatu ilimfunza kwa uchungu. Mwaka 1899 alielekea Ncha ya Kaskazini kwa meli iliyoitwa Stella Polare. Baridi iliviharibu vidole vyake, navyo vikakatwa, hata ikambidi akabidhi uongozi wa safari ya barafuni kwa rafiki yake, Umberto Cagni. Mwezi Aprili 1900 Cagni alifika mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupafikia kabla yake upande wa kaskazini. Lakini watu watatu waliotangulia kurudishwa kambini hawakuonekana tena. Mmoja wao alikuwa Felice Ollier, kiongozi wa mlima kutoka Courmayeur. Luigi Amedeo alirudi na sifa, na pia na hesabu ya watu iliyopungua.

Miaka sita baadaye aliigeukia Ruwenzori, milima iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo. Stanley alikuwa ameiona theluji yake mwaka 1888, na baada yake wasafiri kadhaa walijaribu kuipanda, lakini hakuna aliyefika juu kabisa, wala aliyejua kwa hakika kilele kirefu kuliko vyote ni kipi. Wingu liliifunika milima hiyo karibu siku zote. Mwaka 1905 Mwingereza Freshfield, mpandaji mzoefu, alikwenda mwezi wa Novemba, akarudishwa na mvua.

Hapo ndipo tunapouona ustadi wa Duke. Hakudharau kushindwa kwa waliomtangulia, bali alikufanya kuwa somo lake la kwanza. Kwa kuwa mvua za Novemba zilikuwa zimemshinda Freshfield, yeye alipanga kuwa juu ya mlima mwezi wa Juni, zinapopungua. Kisha alichagua watu, kila mmoja kwa kazi yake: Cagni wa kupima, Roccati wa kuchunguza mawe, Cavalli Molinelli wa kutibu wagonjwa, Vittorio Sella wa kupiga picha. Kutoka Courmayeur aliwachukua viongozi Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Jina la Ollier lilikuwa limerudi safarini. Mwisho aliandaa mahema, kamba, mashoka ya barafu, chakula na vyombo vya kupimia, vikafungwa katika mizigo ya kuchukulika na mpagazi mmoja mmoja.

Msafara uliondoka Napoli mwezi wa Aprili 1906, ukashuka Mombasa mwanzoni mwa Mei. Kutoka hapo ulipanda gari la moshi hadi Ziwa Viktoria, kisha meli hadi Entebbe. Reli na meli zilikomea hapo. Safari iliyobaki ilikuwa ya miguu, nayo mizigo ilipanda vichwani mwa mamia ya wapagazi hadi Fort Portal na bonde la Mubuku.

Waganda walioibeba mizigo hiyo nchi kavu na tambarare hawakuizoea baridi ya juu. Kwa hiyo kazi ya mlimani ilishikwa na Wakonjo, wenyeji wa miteremko ile. Wao walizijua njia za wawindaji, matope ya mabonde, na mapango ya kujisitiri. Walipanda, wengi wao bila viatu, katika misitu ya mianzi na migomba ya mwituni, juu ya magogo yaliyofunikwa na kuvu, hadi Bujongolo, mahali penye mwamba ulioinama kama paa, yapata mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Hapo pakafanywa kambi kuu.

Tarehe 10 Juni Duke alifika kilele kimoja cha Mlima Baker. Mawingu yalipofunguka aliona kwamba vilele virefu zaidi vilikuwa upande wa magharibi. Hakushikilia ramani za kubahatisha, bali aliihamisha kambi na kuuzunguka mlima. Tarehe 18 Juni, yeye na viongozi wake watatu walipanda kwanza kilele alichokiita Alexandra, kisha wakaingia ukunguni kuelekea kilele cha pili. Karibu na juu walizuiwa na ukingo wa theluji ulioning'inia juu yao. Kiongozi mmoja alisimama kama ngazi, na mwenzake akapanda juu ya mabega yake hadi njia ikapatikana. Hivyo ndivyo kilivyofikiwa kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, cha tatu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Katika wiki zilizofuata vilele vingine vilipandwa, ramani ikachorwa, na milima ikapewa majina ya wasafiri wa Ulaya: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Picha za Sella zimebaki kuwa ushahidi wa thamani, kwa maana mito mingi ya barafu inayoonekana humo leo imepungua sana, na mingine imetoweka.

Mwaka 1909 Duke alijaribu K2 katika milima ya Karakoram. Hakufika kileleni, lakini ukingo alioujaribu unaitwa Abruzzi hadi leo. Mwaka huohuo, katika Chogolisa, alipanda hadi karibu mita 7,500, kimo ambacho hakikuwa kimefikiwa na mpandaji mwingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza meli za kivita za Italia. Mwaka 1920 alianzisha mashamba makubwa kando ya mto Shabelle, Somalia. Mashamba hayo yalilimwa na wenyeji chini ya utawala wa kikoloni, na wengi wao hawakuja kwa hiari. Alifariki huko tarehe 18 Machi 1933, akazikwa hukohuko.

Sasa turudi kwenye sarufi. Husemwa kwamba Margherita ilipandwa na Duke wa Abruzzi, nayo ni kweli. Husemwa pia kwamba mizigo ilifikishwa Bujongolo. Ilifikishwa na nani? Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, wala haina kosa la kusahihishwa kwa wino mwekundu. Hata hivyo imewaacha Wakonjo nje. Sisi wenyewe tumeandika hapo juu kwamba ramani ilichorwa, na milima ikapewa majina, bila kumtaja mtenda. Kauli ya kutendwa si adui wa ukweli, kwani mara nyingine mtenda hajulikani, au si lazima atajwe. Lakini mwalimu anayeifundisha na afundishe pia swali lake: kazi hii ilifanywa na nani? Mwanafunzi akizoea kuuliza hivyo, atasoma historia ya nchi yake kwa macho mengine.

Mazoezi

1. Taja mambo matatu aliyoyapanga Duke kabla ya safari ya Ruwenzori, na ueleze faida ya kila moja.
2. Toa sentensi tano za kauli ya kutendwa zilizomo katika kifungu. Katika kila moja, onyesha kama mtenda ametajwa au ameachwa.
3. Geuza sentensi hizo ziwe katika kauli ya kutenda. Ni zipi zisizogeuzika bila kumtafuta mtenda kwanza?
4. Andika aya mbili kuhusu safari ya kwenda Bujongolo, mtenda mkuu akiwa mpagazi Mkonjo.