Franco Luambo Makiadi, mtoto wa muuza mikate aliyejenga usiku wa Kinshasa

Yeyote anayetoka Goma, Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi na kufika Kinshasa kwa mara ya kwanza, jioni wenyeji watamupeleka Matonge. Huko meza zinatoka inje hadi barabarani, moshi wa ntaba, ile nyama ya mbuzi ambayo Lubumbashi wanaita michopo, unapanda juu, na muziki haunyamazi mpaka asubuhi. Kuna mutu mumoja ambaye jina lake limebaki ndani ya usiku huo kuliko la mwingine yeyote: François Luambo Luanzo Makiadi, ambaye Afrika yote ilimujua kama Franco.

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa saba 1938 huko Sona Bata, katika jimbo ambalo leo ni Kongo Central. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Jamaa ilihamia Léopoldville, jina la Kinshasa wakati wa Wabelgiji, na baba akafariki mwaka wa 1949, wakati mtoto alikuwa hajafikisha hata miaka 12. Mama yake, Hélène Mbongo Makiese, akabaki na mzigo wa watoto. Alikuwa anauza mikate ya mafuta sokoni, mtaani Ngiri-Ngiri. Mikate hiyo ndiyo ililisha nyumba.

Gitaa mbele ya meza ya mama

Franco hakusoma sana. Alijitengenezea gitaa la mbao na nyuzi za waya, akawa anakaa karibu na meza ya mama yake na kulipiga. Wapita njia walikuwa wanasimama kusikiliza, na mwenye kusimama alinunua mkate. Kwa njia hiyo mtoto alijifunza mapema kitu ambacho wenye baa wote wa Kinshasa wanakijua mpaka leo: muziki unaleta watu, na watu wanakula na kunywa.

Paul Ebengo Dewayon, mpiga gitaa wa mtaani, ndiye aliyemufundisha gitaa la kweli. Akiwa na miaka kama 12 tu, Franco alikuwa tayari katika kikundi cha Dewayon kilichoitwa Watam. Mwaka wa 1953 aliingia studio ya Loningisa, mali ya mfanyabiashara Mugiriki. Ni pale ambapo Henri Bowane, mwanamuziki mkubwa wa wakati huo, alimupa jina fupi la Franco. Alikuwa kijana wa miaka 15, na gitaa lenyewe lilikaribia kumushinda kwa ukubwa.

Baa iliyozaa orkestra

Ili kuelewa maisha yake, tunapashwa kukumbuka jinsi usiku wa Léopoldville ulivyokuwa. Mji ulikatwa vipande viwili. Upande mumoja ulikuwa mji wa Wazungu, ambamo Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku bila karatasi. Upande wa pili ulikuwa mji wa Wakongomani, ile waliyoita cité. Kwa sababu kule kwingine kulifungwa, maisha ya jioni ya Wakongomani yalijengwa huku: viwanja vyenye ukuta, meza, bia ya Primus, na sakafu ya kuchezea chini ya anga wazi. Katika baa hizo watu wa makabila yote walikutana, wakaongea habari za kazi, za mapenzi, na pole pole za siasa.

Moja ya baa hizo ilikuwa ya Oscar Kashama. Ilijulikana kama OK Bar, kutokana na herufi za majina yake. Wanamuziki wa Loningisa, Franco akiwa mumoja wao, walikuwa wanapiga pale. Tarehe 6 mwezi wa sita 1956 walijitokeza kama orkestra kamili na kuchukua jina la baa: OK Jazz. Kati ya waanzilishi walikuwemo Jean-Serge Essous, Vicky Longomba na Rossignol.

Tangu hapo mji uligawanyika tena, lakini kwa furaha. Wengine walipenda African Jazz ya Joseph Kabasele, muziki laini wa watu waliovaa vizuri. Wengine walimufuata Franco, ambaye gitaa lake lilikuwa kali na maneno yake yalikuwa ya mtaani: mke na mume, deni, wivu, mwanamke aliyeachwa, mwanaume mwenye kujivuna. Watu walijisikia wenyewe ndani ya nyimbo hizo. Mwaka wa 1958 alipofungwa kwa makosa ya barabarani, jina lake lilizidi tu kukua.

Kutoka baa ya wengine hadi nyumba yake

Lakini sifa haikuwa sawa na mali. Siku zile mwenye baa ao mwenye studio ndiye mara nyingi alikuwa mwenye vyombo vya muziki. Mwanamuziki alikuja na sauti na vidole vyake, na asubuhi alirudi nyumbani na kidogo. Orkestra zilivunjika kila mara kwa sababu ya makuta. OK Jazz nayo ilipoteza waimbaji na wapigaji wengi, wengine wakivuka mto kwenda Brazzaville. Franco alibaki, na pole pole orkestra ikawa yake. Baadaye iliitwa TPOK Jazz, maana yake OK Jazz yenye nguvu zote. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na wanamuziki zaidi ya 30, pamoja na Simaro Lutumba, mtunzi aliyeingia mwaka wa 1961 na kukaa naye hadi mwisho.

Katika miaka ya 1970 Franco alifanya kile ambacho wanamuziki wachache waliweza: alijenga nyumba yake ya usiku, Un-Deux-Trois, pale Matonge. Mtoto aliyevuta wateja kwenye meza ya mikate sasa alikuwa na mlango wake mwenyewe, na kiingilio kililipwa kwake. Mwishoni mwa juma watu walijaa kumuona, mwili mkubwa, amekaa na gitaa mapajani.

Kandokando ya dansi kubwa kama hizo, kulikua nganda. Neno hilo la Lingala lilikuwa la kambi za wavuvi, lakini mjini likawa jina la vikao vidogo vya kula na kunywa, vingi vikiwa mali ya wanawake. Mama mwenye nganda alipika samaki, kwanga na pondu, yaani sombe yetu, na bia ilikuwa baridi. Aliyetoka kucheza dansi saa tisa za usiku alipata chakula cha moto. Wanawake wengi walisomesha watoto kwa kazi hiyo, kama vile mama yake Franco alivyofanya kwa mikate.

Dunia iliona usiku wa Kinshasa mwaka wa 1974. Mwezi wa tisa kulikuwa tamasha la siku tatu, ambapo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz walikutana na wanamuziki wa Zaïre, OK Jazz ikiwemo. Halafu tarehe 30 mwezi wa kumi, Muhammad Ali alimupiga George Foreman saa kumi za usiku, saa ambayo ilichaguliwa ili Wamarekani waone pambano kwenye televisheni jioni yao.

Rafiki wa utawala, na mufungwa wake

Karibu na Mobutu, Franco alitembea kwenye kamba nyembamba. Aliimba sifa za serikali, na mwaka wa 1984 alitunga wimbo wa kumuunga mkono Mobutu katika uchaguzi ambao hakukuwa mpinzani. Wengi hawakumusamehe jambo hilo. Mwaka wa 1976 alipewa nishani ya taifa. Miaka miwili tu baadaye, mwaka wa 1978, alitiwa gerezani pamoja na wanamuziki wake kwa sababu ya nyimbo zilizoonekana kuwa za uchafu, na nishani ikachukuliwa. Alitoka, akaendelea kuimba. Mkono uliomupandisha ndio huo uliomutupa chini.

Mwaka wa 1985 alitoa Mario, habari ya kijana aliyesoma lakini anakaa nyumbani kwa mwanamke mkubwa kuliko yeye na kula makuta yake. Wimbo huo ulivuka mipaka yote. Hata mutu asiyejua Lingala alielewa Mario ni nani, kwa maana kila mtaa ulikuwa na wake.

Kisha ugonjwa mpya ukaingia mijini. Mwaka wa 1987 Franco alitoa wimbo murefu wa kuonya juu ya SIDA, kwa Kifaransa na Lingala, akiwaita vijana, wazazi, waganga na viongozi. Ilikuwa wakati ambapo wengi walikuwa bado wanaficha jina la ugonjwa huo. Mutu ambaye maisha yake yote yalikuwa ya baa na dansi ndiye aliyesimama kuambia watu wa baa na dansi kwamba kifo kiko kati yao.

Yeye mwenyewe alianza kukonda, na uvumi ukaenea kila pembe. Mwezi wa tisa 1989 bado alipanda jukwaani Amsterdam, mugonjwa. Tarehe 12 mwezi wa kumi 1989 alifariki Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Serikali ilitangaza siku ine za maombolezo, redio ya taifa ikapiga nyimbo zake, na tarehe 17 akazikwa kwenye makaburi ya Gombe, umati mkubwa ukimusindikiza.

Leo barabara ya Kinshasa inabeba jina lake na sanamu yake imesimama Matonge. Lakini kumbukumbu yake kubwa haiko katika jiwe. Iko kwa wale wanaofanya kazi wakati wengine wamelala: mupiga gitaa anayengojea malipo yake asubuhi, mama wa nganda anayehesabu chupa, muuza mikate mwenye taa ndogo kandokando ya barabara. Franco alitoka kati yao, na usiku wa mji bado unasimama juu ya mabega yao.